Mwaka Niliitikiaka Jina ya Kashindi

Wiki iliyopita, ku kilio ya Mama Kashindi, waliniweka ku benchi ya watoto ya marehemu. Kulikuwa mukwe moja alitoka Bukavu, muntu wa miwani na koti. Akaniangalia, akaangalia Furaha, binti ya marehemu, akaniangalia tena minye na hii masikio yangu, akauliza kwa upole: «Weye uko mutoto wa ngapi?» Nikamujibu: «Wa pili, lakini wa divizio ya chini.» Hakucheka. Furaha njo alicheka, akafunika kinywa na kitambaa ili watu wafikiri analia. Kumuelezea ule mukwe vile nilifika ku ile benchi ingenikula kilio nzima, na minye masomo yangu ilikatikia mu ya nne sekondere, sikufundishwa kufupisha mambo. Basi naandika hapa, mu garage yangu ya kutengeneza pikipiki, na mafuta ku vidole. Leo kwa maisha niko kijana bado. Kwa mupira niko muzee kabisa, goti zangu zinajua mvua mbele ya radiyo. Lakini kuko mwaka moja watu wote wa Kalundu walinijua kama nambari sita, na ile nambari haikukuwa yangu, na jina wenye waliita haikukuwa yangu.

Ilikuwa sezoni ya pili ya Radi Sport. Radi Sport ilikuwa ekipe ya divizio ya chini, ile divizio yenye ukianguka tena unaangukia mu ziwa. Sezoni ya kwanza tulifanya maajabu, mpaka wamama wa soko walituimbia. Sezoni ya pili njo ya kuonyesha kama ya kwanza haikukuwa bahati tu, na watu wote walikuwa wanangoja kuona. Kochi wetu, Byadunia, mufupi mwenye sauti ya muntu murefu, alituambia sasa tuko maprofesionali. Profesionali maana yake ilikuwa hivi: viatu unanunua weye mwenyewe, lakini ukichelewa ku antrenima unapewa azabu ya kweli. Na kiwanja yetu ilikuwa kando ya maji. Ule mwaka ziwa ilipanda. Haikupanda kwa kelele, haikuvunja kitu. Unaamuka asubuhi unakuta imesogea, kama mugeni mwenye anasogeza kiti polepole karibu na sahani. Ilikula njia, ilikula choo za wale wa chini, halafu ikakula kona moja ya kiwanja. Bendera ya kona ilibaki imesimama ndani ya maji, na kona za upande ule tulikuwa tunazipigia maji ikifika ku vifundo vya muguu. Asubuhi tunakuta mavi ya kiboko mbele ya gole. Kiboko alikuwa sapota wetu wa kweli, alikuwaka anafika mbele ya kochi.

Nambari sita wa sezoni ya kwanza aliitwa Kashindi Bahati. Alichezaka na muguu ya kushoto, na alikuwa mukimya. Unaweza kuchanga naye chakula mwezi muzima usijue kama sauti yake iko nzito ao nyepesi. Kati ya zile sezoni mbili, alienda kutega nyavu na mutumbwi wa mujomba wake, Muzee Mwenda. Mutumbwi ulirudi. Ulirudi peke yake, mchana, bila upepo, watu wakiwa wanaanika ndagala, ukaingia mahali yake ya kila siku kati ya mitumbwi ingine kama vile kuko muntu anaupiga kasia. Ndani kulikuwa viatu vyake, vimepangwa vizuri, cha kushoto ku kushoto. Walitafuta mpaka upande wa Burundi. Maji haikumurudisha.

Sasa mu familia ile, wavuvi wa tangu zamani, muntu mwenye maji imemubeba bila kumurudisha hawamuwekei kilio hivi hivi. Kwanza wanamuita. Mujomba anasimama ku ukingo, mchana kweupe, anaita jina ya mupotevu mara tatu kuelekea maji. Kama hakuna mwenye anaitika, wote wanageuka, wanarudi nyumbani bila kuangalia nyuma, wanatandika mikeka, na mama yake anaruhusiwa kulia. Mbele ya pale, kulia ni marufuku. Ukilia mutu mwenye hajaitwa, wanasema, unamukata njia. Na hawaiti mutu mu maji yenye inapanda. Maji yenye inapanda, Muzee Mwenda alisema, iko na kitu mu mukono yake, ngojeni kwanza iweke chini. Basi wakangoja. Ziwa ikaendelea kupanda, na Mama Kashindi akakaa mu nyumba yake ya mabati pale chini, macho makavu.

Mimi nilikuwa wa benchi. Jina yangu ni Zakaria, Zaka kwa wenye haraka. Nilikuwa muchezaji wa muguu ya kuume, wa kati, wa kila mahali, maana yake wa mahali popote. Papye zangu za lisansi, ile karte ya kuruhusiwa kucheza, zilipotelea mu biro fulani kati ya Uvira na Bukavu, na muda wa kuandikisha ukapita. Kochi akaniita nyuma ya gole.

«Zaka, weye unataka kucheza ao unataka kupamba benchi?»

«Kochi, benchi imeisha kunizoea.»

«Sikiliza. Kashindi hakuna mwenye ametangaza kama amekufa. Lisansi yake iko nzima. Utachezea ile.»

Kwetu hiyo haikukuwa jambo la kushangaza. Mu ile divizio nusu ya watu walichezeaka lisansi ya mwingine: ya mukubwa wake, ya shemeji, ya jamaa alienda Kinshasa. Lakini wale wote wenye lisansi walikuwa wanakula ugali mahali fulani. Nikauliza photo je. Kochi akafungua ile karte. Ilikuwa mu chumba ya vifaa, na unyevu wa ziwa uliingia ndani ya plastiki ukafuta sura. Palibaki shingo, kola ya shati, na masikio mbili. Kochi akaangalia masikio ya photo, akaangalia yangu. «Unaona,» akasema, «Mungu hafanyi kazi ya bure.»

Mbele ya match, arbitri anapitaka mbele ya mustari na zile karte mu mukono. Anaita jina, unaitika «Prezan», unageuka, anaona nambari mu mugongo, anapita. Njo apeli. Siku ya kwanza, arbitri alipoita «Kashindi Bahati», nilisikia mustari muzima umekaza pumuzi. Nikafungua kinywa nikasema «Prezan», na ile sauti ilitoka nzito kuliko yangu. Nikafikiri ni uoga. Nikageuka. Mayo, ni kusema jezi, ilikuwa ya Kashindi pia, juu ekipe ilikuwa na jezi pari moja tu, na ilikuwa na maji. Furaha, dada yake, aliifua siku tatu mbele ya match, akaianika ku jua ya Uvira, jua yenye inaweza kukausha muchungaji na mahubiri yake. Zile zingine zote zilikauka, sita ikabaki na maji. Haikukauka ule mwaka muzima. Wenzangu walisema natoka jasho mingi. Nikakubali, juu ya amani.

Mu ile match nilifunga gole. Sikiliza vizuri: muguu yangu ya kushoto ilikuwa ya kubadilisha vitesi ya pikipiki tu. Mupira ulitoka upande wa maji, ukanikuta nimesimama vibaya, na kabla sijawaza ule muguu ulienda wenyewe. Ulienda kama vile muntu ameuita. Mupira ukaingia pale juu, mahali Kashindi alipendaka. Watu wakasimama, halafu kelele ikakatika katikati, kama radiyo yenye piles imekwisha, juu kila mutu aliona ile gole sezoni iliyopita. Capitaine wetu, Dudu, akanikumbatia, akanisemeza mu sikio: «Zaka, usirudilie tena ile kitu.» Nilirudilia. Ku match ya Nyakabere nilirudilia, na ku ile iliyofuata. Minye nilicheka tu. Nilimuambia Dudu kama muguu wa kushoto umechelewa kuingia masomo lakini unashika haraka kuliko mwenyewe.

Radiyo ya pale kwetu ilikuwa inatangaza match zetu, na mutangazaji alisomaka majina mu feuille, ile karatasi ya arbitri. «Kashindi, nambari sita, anapokea. Kashindi anapita. Gole ya Kashindi.» Alijua ukweli kama watu wote, lakini feuille ni feuille. Na Mama Kashindi alikuwa na radiyo ndogo imefungwa ku musumari juu ya mufuko wa unga. Hakuwa mukichaa, tuelewane. Alijua kama minye ni minye. Aliniona kwa macho yake kila samedi, juu toka sezoni ya kwanza ekipe yote ilikuwa inakula kwake siku ya kuelekea match: ugali ya muhogo, sombe, mukeke ya kuchoma. Alipanga sahani zetu ku mukeka, na yangu aliiweka mahali Kashindi alikaaka, kando ya ukuta, mukono wa kushoto ukiwa na nafasi. Sahani yangu haikukuwa na chumvi. Siku ya kwanza nilifikiri amesahau. Furaha akanisemeza: «Kashindi hakulaka chumvi kama kesho iko match.» Nikala bila chumvi. Mutu mwenye anakula bure hachagui. Lakini ile chakula, namna ya kueleza, ulikuwa unaila na unasikia kama unakula ya mutu akiwa inje amenawa mikono anakuya.

Kisha kula, nilikuwa naingia mu chumba ya Kashindi kujaribu viatu, juu kochi alisema nivae na viatu vyake, vilikuwa vizuri kuliko vyangu. Kitanda kilitandikwa. Maji ilikuwa imeisha kuingia chini ya ukuta, sakafu ilikuwa nyeusi, na ile mustari ya unyevu ilipanda ku ukuta kila wiki kidogo, kama mutoto mwenye wanamupima urefu. Pale njo niliwasikia, Mama na Furaha, mu jikoni, upande wa pili wa mabati.

«Mama, tuhame. Nyumba ya juu iko tayari. Maji iko ku mulango.»

«Na yeye akirudi atakuta nani?»

«Mama, ule mwenye unapikia ni Zaka. Fundi wa pikipiki.»

«Minye nilisema njo yeye? Siko kipofu. Ule mutoto anakula kama fundi wa pikipiki.» Nikasikia anapindua ugali. «Minye nasema kitu moja. Jina yenye inaitwa na inaitikwa, haiko ya mufu. Kila yenga, siku ya match, wanaita mwanangu, na kila yenga anaitika. Mufu anaitikaka?»

Minye nilibaki na kiatu moja mu muguu. Pale njo nilielewa kama hatuchezi tena mupira tu. Ule mama alikuwa hawezi kutoka mu nyumba, na kitu ilikuwa inamushika mu nyumba ilikuwa ni kinywa yangu. Ningekuwa muntu wa akili ningemuendea kochi ile ile siku. Lakini nilikuwa nafunga magole, wamama wa soko walikuwa wananipa ndizi, na minye tangu masomo inikatae sikukuwa nimewahi kuwa mutu wa kutegemewa na mutu. Nikafunga kamba za viatu, nikatoka, nikamuambia Mama chakula ilikuwa tamu.

Mambo ikazidi. Tulienda kucheza Kamanyola, na kulikuwa beki moja kule, kijana munene, alimukabaka Kashindi sezoni iliyopita. Kwa apeli alisikia jina. Match ikaanza, akanikaribia, akanichungulia kama mutu anatafuta njia mu ukungu. «Lakini weye,» akasema, «si tuliisha kukuletea pole?» Nikacheka, nikamuambia pole ilifika, asante. Baada ya kidogo niligusa mupira na muguu ya kushoto, na ule kijana alifanya alama ya musalaba, akaenda ku kando akamuomba kochi wake amutoe. Akakaa ku benchi akaniangalia miguu tu. Mu gari ya kurudi, Dudu alikuwa ameshika zile lisansi. Akafungua yangu, ni kusema ya Kashindi, akaniita karibu na dirisha.

«Angalia hii photo.»

«Masikio,» nikasema.

«Angalia vizuri.»

Sura ilikuwa inarudi. Sijui ni joto ya Kamanyola yenye ilikausha plastiki, sijui. Kulikuwa kivuli ya pua, kivuli ya kinywa. Haikukuwa kinywa ya Kashindi. Kashindi alikuwa na midomo ya kufunga. Hii ilikuwa kinywa ya mutu mwenye anataka kusema mzaha. Dudu akafunga ile karte, akaikalia, mpaka Uvira hatukuongea. Na minye, wenye wananijua watashuhudia, kutoka Kamanyola mpaka Uvira kunyamaza ni kama kufunga ramadhani na siko muislamu.

Karibu na mwisho wa sezoni ziwa ilisimama. Siku mingi ikabaki pale pale, ku kizingiti ya mulango wa Mama Kashindi, kama mutu anapiga hodi na hakaribishwi. Muzee Mwenda akasema: sasa. Wakachagua siku, saa za mchana, jua katikati. Wachezaji wote tulienda, tukavaa vizuri. Kwa kuita, kila kitu inanyamazishwa: kuku wanafungiwa, watoto wanapewa matiti, hata injini za mitumbwi zilizimwa mpaka ku bandari. Ziwa ilikuwa laini kama bati. Milima ya Burundi ilionekana karibu, unaweza kusema iko inasikiliza. Mama Kashindi alisimama mbele, nyuma ya kaka yake Muzee Mwenda, hakufunga kitambaa ya kilio bado, ilikuwa mu mukono ya Furaha. Siye tulijipanga nyuma. Na hapa, niambieni, nani alitupanga mu mustari? Hakuna mwenye alitupanga. Tulizoea tu. Mabega kwa mabega, mikono nyuma, kama kila yenga.

Muzee Mwenda akaita: «Kashindi Bahati.» Ile sauti ilienda juu ya maji, haikurudi. Watu wakangoja. Akaita mara ya pili. Ikaenda. Nilikuwa naangalia mitumbwi, sikukuwa nawaza kitu, jua lilikuwa ku shingo, nilisikia mugongo yangu inabeba maji ingawa nilivaa shati kavu ya kanisa. Akaita mara ya tatu, «Kashindi Bahati,» na minye nikaitika «Prezan», nikageuka kuonyesha nambari.

Nataka muelewe kama sikufanya makusudi. Sezoni nzima ile jina iliitwa, na sezoni nzima niliitika, na kinywa iko kama ng'ombe, inapita njia yenye imezoea. Nilipogeuka njo niliona sura za watu wenye walikuwa nyuma yetu. Kuko mama moja alikuwa ameshika mutoto, mutoto alianza kulia, na hakuna mwenye alimunyamazisha. Nikabaki na mugongo ku ziwa. Kitu moja sikuwahi kuwaambia watu wa garage: nyuma yangu, mu maji yenye ilikuwa laini, nilisikia kama mutu amepumua, yaani ile pumuzi unaachaka ukiwa ulitaka kusema kitu na mwingine amekutangulia.

Wazee wakakaa chini ya ukuta wa nyumba ya samaki, wakaongea sana. Tangu zamani hakuna mwenye aliwahi kuuliza: mutu akiitika, inakuwa namna gani? Nani angeuliza? Ingeomba muntu mjinga sana. Mwisho Muzee Mwenda akanikuyia. Hakukasirika, na hiyo njo iliniogopesha.

«Mutoto, jina umeibeba weye. Siwezi kuita tena mutu mwenye ameitika.»

«Muzee, ni kinywa tu.»

«Jina inabebewaka wapi kama haiko mu kinywa? Uende uiweke chini pale uliiokota. Siye hapa tumefunga.»

Na Mama Kashindi, ule mama mwenye tulifikiri atanipiga, alikuwa anatabasamu. Alinishika mukono, akanipeleka mpaka kwake, tukavuka maji ya kizingiti, akanipakulia. Furaha alibaki inje na kile kitambaa cheusi, anakikunja, anakikunjua. Ile wiki ziwa ikaanza tena kupanda. Ikaingia mu nyumba. Mama akaweka kitanda cha Kashindi juu ya matofali, chake akaacha chini.

Match ya mwisho ilikuwa ya kubaki mu divizio. Tukishinda tunabaki, tukikosa tunaanguka, na kochi alikuwa amesema wazi kama ekipe ikianguka inakwisha, hakuna mwenye atatoa jezi ya kuanguka nayo. Furaha alinikuta mu garage siku ile asubuhi. Hakukaa.

«Zaka, jana nilikuta mama amelala na maji iko ku ubavu. Alikuwa anaongea naye.»

«Na ziwa?»

«Na mwanaye. Anamuambia asiharakishe, kesho iko match.» Akaniangalia. «Weye njo unamushikilia mule. Minye siwezi kumubeba kwa nguvu, atarudi. Leo nitamuleta ku kiwanja. Fanya kama unaweza.»

Nilimuambia kochi kama sitaki tena kuitika ile jina. Akanisikiliza mpaka mwisho, hiyo pia ilikuwa mara ya kwanza. «Zaka, ninakuomba neno moja. Moja tu. Prezan. Kisha match unaweza kuwa kimya mpaka kiama.» Nikamuambia nitaona. Alinijua: mutu mwenye hajawahi kunyamaza sezoni nzima, atanyamaza leo?

Tukajipanga. Upande wa ziwa gole ilikuwa imesimama mu maji, nyavu zilikuwa zinaelea. Mama Kashindi alikuwa kando ya mustari wa chokaa, kati ya Furaha na Muzee Mwenda, amevaa kitenge ya siku kuu, kama mama mwenye mutoto wake anacheza. Arbitri, mutu mugeni kutoka mbali, hakujua kitu. Akaanza. Gardien. Mbili. Tatu. Wenzangu wakaitika mu sauti za kanisa. Akafika.

«Kashindi Bahati.»

Ile neno ilikuwa imeisha kufika ku meno. Sikuileta minye. Ilipanda yenyewe kutoka tumboni, nzito, na baridi, kama maji ya chini. Nikafunga kinywa. Arbitri akainua macho, akaangalia karte, akaniangalia. Ninaamini photo ilifanana na minye kabisa, juu alitabasamu kidogo, kama anasema: weye ni huyu, unangoja nini?

«Kashindi Bahati.»

Kochi akakohoa. Dudu, kando yangu, akanikanyaga muguu, ule wa kushoto, na sikusikia maumivu. Ule muguu haukukuwa na habari ya minye. Maji ya mayo ilikuwa inatiririka mu mugongo mpaka ku soksi. Nikauma ulimi. Si mufano: niliuuma, na mupaka leo kuko kovu, mutoto wangu anapenda nimuonyeshe. Nikaona Mama Kashindi amepiga hatua moja mbele, kichwa ameinamisha upande, vile unafanyaka ukisikiliza radiyo yenye haishiki vizuri.

«Kashindi Bahati,» arbitri akasema mara ya tatu, na watu wote, wa kwetu na wageni, wakanyamaza. Damu ilijaa mu kinywa. Nikaimeza pamoja na ile neno.

Arbitri akangoja tena kidogo, mutu muzuri. Halafu akaweka ile karte nyuma ya zingine. «Hayuko,» akasema, akapita kwa nambari saba.

Mama Kashindi akakaa chini, pale pale ku chokaa. Alikaa kama mutu mwenye wamemukata kamba. Kisha sauti ikatoka, na wamama wa soko waliijua mara moja, wakaipokea, mumoja mumoja, mpaka kiwanja muzima. Furaha akamufunga kile kitambaa cheusi. Muzee Mwenda akageuka, akapa ziwa mugongo, akavua kofia. Wale wachezaji wa ekipe ingine, wageni wa watu, hawakujua ni nani amekufa, lakini walivua viatu, wakasimama pekupeku mpaka arbitri alipoomba ruhusa ya kuendelea.

Tulicheza watu kumi. Niseme walicheza, juu minye bila ile jina sikukuwa mutu mu feuille. Walipigwa, na Radi Sport haikuona sezoni ya tatu. Kochi hakunisemesha mpaka mwaka uliofuata, aliponiletea pikipiki yake na kusema tu: «Inakohoa.» Mayo sita nilivua pale kando ya chokaa, nikaianika ku nyavu ya gole. Match ilipokwisha ilikuwa imekauka, ngumu kama ndagala.

Mbele jua halijashuka, ekipe yote ilibeba nyumba ya Mama Kashindi kupanda mulima: sufuria, mabati, vitanda viwili, radiyo. Tukatandika mikeka mu nyumba ya Furaha, ile ya juu, kilio ikaanza vile inaanzaka, na wanaume inje na moto, wamama ndani. Nilitaka kwenda kujificha kati ya wanaume, Furaha akaniita ndani. Mama alikuwa ameegemea ukuta, macho yamevimba, amechoka uchovu ya mutu mwenye amefika. Mbele yangu akaweka sahani. Nikaonja. Ilikuwa na chumvi, na ulimi wangu ulikuwa na kidonda, iliniwaka mpaka machozi ikatoka. Akaniona. Ule mwaka muzima alikuwa ameniangalia miguu, mabega, mahali nakaa. Sasa aliniangalia uso, polepole, kama mutu anasoma kibao ya njia yenye hajawahi kupita.

«Na weye, mwanangu,» akaniuliza, «unaitwaka nani?»